Hodi ya Tatu

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina jina, tena jina zuri, lakini silitaji. Mwaka juzi lilikaguliwa na tume, likaonekana halina mtu ndani, likauzwa. Tangu hapo tunasema "hapa kwetu", na hata hilo tumeshauriwa tulitumie kwa uangalifu.

Ni nchi nzuri, msije mkanielewa vibaya. Mimi ni fundi redio. Kutwa nakaa dirishani kwangu, Mtaa wa Bomba Bovu, nachomelea nyaya, na mtu wa dirishani huona mengi bila kuyatafuta. Niliyoyaona nitayasema yote. Niliyoyafanya ni machache sana, na yote yalikuwa halali.

Tuanze na wazee wetu. Walikuwa na desturi ambayo kila mtoto aliijua kabla hajajua kuvaa viatu: ukifika kwa mtu, unasimama nje, unabisha hodi. Ukiitikiwa karibu, unaingia. Usipoitikiwa, unabisha ya pili, halafu ya tatu. Hodi ya tatu isipojibiwa, unarudi kwenu, maana mwenyewe hayupo, au yupo lakini hataki kukuona leo, na yote mawili ni haki yake.

Serikali yetu inaheshimu mila. Ilipoamua kuwainua wanyonge ili nao waingie kwenye biashara ya viwanja na majengo, haikwenda kuiga sheria za ng'ambo. Ilichukua desturi hiyohiyo ya wazee, ikaifikisha bungeni, nalo bunge likaipitisha asubuhi moja kabla ya chai. Marekebisho yalikuwa madogo tu. Palipokuwa "rudi kwenu" pakawekwa "ingia, ni pako".

Hiyo ndiyo Sheria ya Hodi. Siku ilipotangazwa nilikuwa na redio nyingi mezani, zote zinasema kwa sauti moja, isipokuwa moja mbovu ambayo haikuwa na maoni. Waziri wa Hodi, Ardhi na Wanaoanza alinguruma: "Ndugu wananchi! Ardhi yetu imelala! Na kilicholala ustaarabu ni kukiamsha kwa upole. Kuna nchi huwaondoa watu kwa mabomu ya machozi. Sisi tunawaendea kwa salamu! Nani hapa atasema salamu ni uonevu?"

Nami nikaendelea kuchomelea nyaya.

Kila kata ikapata Mpigahodi wake. Wetu aliitwa Kilembwe, kijana mpole, mwenye adabu mpaka unamwonea huruma. Alipewa kofia ya kazi, viatu vya raba visivyo na kishindo, na mafunzo marefu ya kupunguza sauti, kwani sheria ilisema hodi ipigwe lakini haikusema ipigwe kwa sauti gani. Masharti mengine yalikuwa ya haki kabisa. Jibu laweza kutoka popote, hata ng'ambo ya barabara, ilimradi Mpigahodi alisikie. Anayejibu lazima awe amewahi kulala pale walau usiku mmoja. Na pasipojibiwa, apatikane shahidi wa ukimya, mtu wa mtaa huohuo, aweke sahihi kwamba naye hakusikia jibu. Shahidi huyo ndiye wa kwanza kuuziwa kiwanja, na kwa bei ya kirafiki.

Makaburi ya mjini ndiyo yaliuzwa kwanza. Kilembwe alipiga hodi zote tatu, tena pale alipaza sauti ili asije akalaumiwa. Hakuna aliyejibu. Sasa tunazikana ng'ambo ya mto, kwenye ardhi ambayo bado haijampendeza mtu.

* * *

Ili wanyonge tusiachwe nyuma, serikali ilituletea semina ya bure iitwayo Anza Kidogo. Tulikusanyika darasa la kwanza la shule ya msingi, watu wazima magoti yamegusa kidevu, tukafundishwa na Profesa Lukwaro, bingwa wa majengo ambaye mwenyewe alikuwa akiishi hotelini.

"Mtaji wa kwanza si pesa," alisema Profesa. "Wavivu ndio wanaosema pesa. Mtaji wa kwanza ni masikio. Mwekezaji mdogo hakitazami kiwanja, anakisikiliza. Penye kimya pana nini?"

"Pana fursa!" tukaitika.

"Na kimya kinapatikana lini?"

"Usiku, Profesa," alisema mtu wa nyuma.

"Usiku watu wamo ndani. Wengine hukoroma, na mahakama imeshaamua kwamba mkoromo ni jibu. Fikirini!"

Tukafikiri. Pembeni yangu alikaa jirani yangu Hizza Mapande, fundi friji, kijana mchapakazi, hajaoa, alisema kwanza nyumba mke baadaye. Alikuwa ametoa ulimi nje kidogo kwa bidii ya kuandika.

"Msiba, ndugu zangu!" Profesa akapiga meza. "Watu wetu wana kasoro moja kubwa ya kiuchumi. Jirani akifiwa, mtaa mzima unaacha milango, unakwenda kulia. Ni hasara ya kutisha, lakini ni fursa. Mwekezaji makini husubiri msiba."

Tulicheka sana. Hizza alicheka, akaandika. Nami niliandika, ila kalamu yangu haikuwa ikitoa wino vizuri.

Mwisho wa somo kila mtu alitakiwa ataje kiwanja kimoja anachokifahamu. Kilembwe alikuwa amekaa nyuma, kofia magotini, anasikiliza. Ilipofika zamu ya Hizza, alisitasita, akakuna shingo.

"Mbele ya kwetu," alisema, "kuna kiwanja cha kona. Anakaa mama mmoja peke yake."

"Kona!" Profesa akafumba macho kwa utamu. "Kona ni fremu za duka pande mbili! Wengine mmesikia mwenzenu?"

Mimi nilisema sijui hata kiwanja kimoja. Kweli nilikuwa nakijua hichohicho, lakini Hizza alikuwa amenitangulia.

* * *

Huyo mama mmoja alikuwa Bi Sikudhani. Asubuhi alichoma vitumbua, na mtaani penye msiba yeye ndiye mpishi. Hakuna aliyemwajiri wala kumlipa. Alikuwa na sufuria ambalo mtaa mzima uliliita Kubwa la Maadui, sufuria la kulisha jeshi, na mtu akifa ulijua habari zimeenea pale ulipomwona Bi Sikudhani anakatiza barabara nalo kichwani. Hakuna mtu wa Bomba Bovu ambaye marehemu wake hakupikiwa ndani ya sufuria lile. Nilipofiwa na mke wangu, alikaa kwangu siku zote za matanga, na siku ya mwisho akafagia ua ndipo akaondoka.

Hizza hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu mbele ya safari mtamhukumu, na mkimhukumu yeye sijui nani atabaki. Alikuwa ametaja kiwanja darasani tu, kama mwanafunzi. Huenda hata alikuwa ameshasahau. Kisha, kabla mvua hazijaisha, alifiwa na mama yake mzazi.

Mtaa ukahamia kwa Mzee Mapande, baba yake Hizza. Turubai likafungwa mbele ya nyumba, mikeka ikatandikwa, wanaume tukakaa barazani, kina mama wakajaa uani wakilia. Bi Sikudhani alikuwa huko uani na Kubwa la Maadui juu ya mafiga, moshi umemfunika mpaka kiunoni, anakoroga maharage na huku analia na wenzake, maana yeye na marehemu walikuwa mashoga tangu usichana.

Nilikuwa nimekaa na Hizza mkeka mmoja. Ndipo nikamwona Kilembwe ng'ambo ya barabara. Alikuja na viatu vyake vya raba, akasimama mbele ya mlango wa Bi Sikudhani, akarekebisha kofia.

"Hodi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtoto aliyelala.

Hizza alisikia. Nina hakika alisikia, kwa sababu kati ya alipokaa yeye na nilipokaa mimi hapakupita hata dhiraa moja.

Aliinua kichwa. Akatazama kule uani. Ilikuwa ni kutamka maneno machache tu, "Mama, unaitwa," naye Bi Sikudhani angepaza karibu yake hapohapo penye moshi na mambo yangeishia hapo. Niliona mdomo wake ukifunguka. Lakini palepale mtu akamshika mkono: "Pole sana, Hizza." Akajibu, "Tumeshapoa." Hodi ya pili ikapigwa. Akaja mwingine: "Pole, baba, kazi ya Mungu." Akajibu, "Haina makosa." Kisha akainamisha kichwa kama wanavyoinamisha wafiwa, akabaki ameinama mpaka ya tatu ikapita.

Kilembwe alivuka barabara. Alivua kofia na viatu, akatoa pole vizuri sana, akaweka na rambirambi yake kwenye sahani. Halafu akachutama mbele yetu, akanong'ona kwamba anatafuta shahidi wa ukimya, na kama tuko kwenye majonzi anaweza kwenda mtaa wa pili.

Hizza aliweka sahihi. Machozi yalikuwa yakimtoka, nayo yalikuwa machozi ya kweli. Baba yake alikuwa amekaa mkabala wetu, akaona kila kitu. Yule mzee alisogea, akahama mkeka.

Jioni, vyombo viliposhaoshwa, Bi Sikudhani alijitwika sufuria lake akavuka barabara kurudi kwake. Alikuta bikoni nne za mipaka zimechimbiwa na mlango wake umelazwa kwenye majani. Alisimama na sufuria kichwani muda mrefu.

"Walibisha hodi?" aliuliza. "Mbona sikusikia?"

Tulimpa pole, wote, kwa sauti za huzuni. Aliondoka kwenda kwa mpwa wake ng'ambo ya mto, na Kubwa la Maadui ndicho chombo pekee alichookoa, kwa kuwa siku hiyo kilikuwa kwa akina Hizza.

* * *

Hizza akajenga. Nani angemlaumu? Aliuza friji zote mbovu alizokuwa akizitengeneza, na zingine za wenyewe. Msingi ukapanda, tofali zikapanda, bati la msauzi likang'aa mpaka ndege wakaogopa kutua. Vyumba sita nyuma, fremu mbili mbele, na juu bango: MAPANDE PLAZA. Waziri mwenyewe alikuja kukata utepe.

"Tazameni!" alisema Waziri. "Jana palikuwa na mama na vitumbua. Leo kuna plaza! Nawaambia vijana, msikae kulalamika, kaeni kusikiliza!"

Mzee Mapande alikuwa kwenye kibaraza chake, ng'ambo ya barabara. Hizza alimfuata mbele ya watu.

"Baba, njoo uingie uone."

"Siwezi kuingia mahali sijaitikiwa."

"Nakuitikia mimi, baba. Karibu!"

"Mwenyewe hayupo," alisema mzee, akageuza kiti.

Kila asubuhi Hizza alimvushia baba yake chai, na kila asubuhi alimwambia aje. Jibu lilikuwa lilelile. Alimpelekea Bi Sikudhani sukari na doti ya khanga kwa mkono wa mtu. Yule mama alishukuru, akamrudishia vitumbua vilivyofunikwa kawa. Hizza hakuweza kuvila. Alivileta dirishani kwangu, nikala mimi.

"Fundi," aliniuliza siku hiyo, "siku ya msiba wa mama, wewe ulisikia?"

"Siku gani?"

Aliniangalia.

"Basi," akasema.

Sasa ilibaki kupangisha, na hapo ndipo mambo yalipomkalia kombo. Mpangaji hulala. Na aliyelala usiku mmoja anayo haki ya kuitikia hodi, na anayeitikia ndiye mwenyewe. Mtaa wa pili baba mmoja alipangisha chumba cha uani asubuhi, kesho yake jioni akajikuta mpangaji. Hizza alijaribu kutafuta mpangaji bubu. Alipatikana mmoja, lakini naye alikuja na mke. Kwa hiyo vyumba vikabaki vitupu, na Hizza akahamia kwenye fremu ya mbele, akawa mlinzi wa jengo lake. Akamwendea mwalimu wa semina ampe ushauri. Profesa alimwambia amefaulu vizuri sana, hatua inayofuata ni kuanza na kiwanja cha pili.

* * *

Maana kilichompata Hizza kilitupata wote. Wapigahodi waliongezeka, vivuli vyao vikaongezeka. Mtu akienda sokoni, anarudi anakuta bikoni. Tajiri mmoja aliajiri mwitikaji wa zamu, kazi yake kusema karibu, na baada ya usiku mmoja mwitikaji akamfukuza tajiri. Mwingine alinunua kasuku, akamfundisha. Kasuku aliitikia vizuri kabisa. Mahakama ikapitia masharti, ikaona kasuku amelala pale na amejibu, ikampa hati. Ni ndege mwenye ghorofa sasa, na husema karibu kwa kiburi ambacho hakuwa nacho zamani.

Wengine waliniletea redio niwarekodie karibu iwe inajirudia yenyewe. Niliwafanyia kazi nzuri. Sikuwatajia umeme, nao hawakuniuliza. Siku umeme ulipokatika, safu nzima ya nyumba za upande wa kiwanda ilibadilisha wenyewe kabla haujarudi.

Tukaacha kutoka. Harusi zikafungwa kwa kupigiana kelele, bwana harusi kwake, bibi harusi kwao. Mwanamke wa nyumba ya tatu alijifungua dirishani, kati ya uchungu na uchungu akiitika karibu kwa mtu aliyekuwa anauza ufagio. Na misiba, ndugu zangu, misiba ikawa tulivu sana. Profesa Lukwaro alikuwa ameiita kasoro ya kiuchumi. Kasoro ile tulikuwa tumeiponya.

* * *

Mzee Mapande alifariki asubuhi, kwenye kibaraza, kiti chake kikiwa bado kimeigeuzia plaza mgongo.

Hizza alitoka katikati ya barabara. "Jamani!" alipiga kelele. "Baba amefariki!"

Madirisha yalifunguka mtaa mzima. "Poleni!" "Alikuwa mtu wa watu!" "Tungekuja, Hizza, ila hali unaiona!" Mimi nilisema "Tuko pamoja!" kwa sauti kubwa kupita wote, na dirisha nikaliacha wazi, jambo ambalo wengi hawakulifanya. Shekhe alisoma dua kwa kipaza sauti, hakuweza kutoka msikitini kwa kuwa msikiti nao ulikuwa na kiwanja kizuri. Muosha maiti alimpa Hizza maelekezo kutoka dirishani kwake, nyumba ya tano: "Anza upande wa kulia! Kulia! Maji yawe ya uvuguvugu!" Nasi tukanyamaza ili asikie vizuri. Alimwosha baba yake peke yake, akamkafini peke yake.

Ndipo nikaona Kubwa la Maadui linakuja.

Bi Sikudhani alikuwa amelitwika tangu ng'ambo ya mto. Alikuwa amezeeka. Alipita mbele ya plaza bila kuitazama, akaingia kwa Mzee Mapande, akapanga mafiga matatu pale mbele, akawasha moto. Akamimina maharage ya kutosha mtaa mzima.

"Mama," alisema Hizza, "hakuna watu watakaokuja."

"Msiba ni msiba," alisema Bi Sikudhani. "Unapikiwa."

"Na wewe mbona umekuja?"

"Mimi nina nini cha kulinda, mwanangu?"

Gari lilisimama. Kilembwe alikuwa amepanda cheo, Mpigahodi wa Mkoa, lakini viatu vilikuwa vilevile. Alikwenda mpaka mlango wa plaza, akarekebisha kofia.

"Hodi," alisema kwa ule ule upole.

Lakini siku hizi mtaa wetu hauna kelele. Hakuna watoto nje, hakuna anayepita. Hodi ile ilisikika mpaka kwangu, na Bi Sikudhani akainua kichwa kwenye sufuria.

"Hizza, mwanangu," alisema. "Unaitwa."

Sijui kama aliyasema kwa makusudi. Nadhani hapana. Nadhani alisema kwa sababu alisikia mwenzake anaitwa, na mtu akisikia mwenzake anaitwa humwambia. Hizza alishika nguzo ya kibaraza. 

"Mama, mimi siku ile nilisikia," alisema. "Siku ya msiba wa mama. Nilisikia hodi zote. Nikainama."

"Najua. Baba yako alikuja akaniambia. Alivuka mto kwa mguu, na miguu yake ile."

"Hodi," alisema Kilembwe, mara ya pili.

"Basi itikia wewe!" Hizza alimshika Bi Sikudhani mkono, na mwiko ndani ya mkono. "Ulilala pale miaka yote. Sheria inakuruhusu. Sema karibu mara moja tu, pawe pako, nakuomba, mama yangu."

Bi Sikudhani alilitazama lile jengo kwa mara ya kwanza. Alilitazama bati, na bango, na mahali mlango wake ulipokuwa zamani.

"Hiyo nyumba siijui," alisema. "Na mimi siitikii hodi nyumba ya watu. Sikulelewa hivyo. Mwenyewe upo, itikia."

Mdomo wa Hizza ulifunguka, kama ule wa siku ile. Alikuwa na haki ya kusema. Neno lenyewe fupi. Lakini aseme karibu mbele ya yule mama, kwenye kiwanja kile, sufuria lile likichemka katikati yao? Ikapigwa ya tatu. Hawakujibu, yeye wala mama. Maharage yalisikika yakichemka.

Kilembwe alingoja kidogo, kwa heshima. Kisha alitafuta shahidi. Hizza alikuwa mmiliki, hafai. Bi Sikudhani alikuwa amewahi kulala pale, hafai. Alitazama juu na chini, na macho yake yakaja kwenye dirisha pekee lililokuwa wazi.

"Shikamoo fundi," alisema. "Poleni na msiba. Hivi, wewe ulisikia jibu lolote?"

Jamani, ningesema nini? Ningeweza kusema nimesikia. Lakini mimi si mtu wa uongo. Sikusikia jibu, na nilisema sikusikia. Akasogea, akaninyooshea kalamu yake kupitia dirishani. Ilikuwa inatoa wino vizuri.

* * *

Sasa nina madirisha mawili ya kukaa, hili langu na la plaza. Profesa Lukwaro hakukosea: ukishaanza kidogo huachi.

Siku ileile Hizza na Bi Sikudhani walimpakia Mzee Mapande kwenye mkokoteni, uleule uliobeba tofali za plaza, kwa sababu jeneza hubebwa na wanne nao walikuwa wawili. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, lakini kawaida hiyo iliuzwa pamoja na viwanja. Hizza alivuta, Bi Sikudhani alisukuma. Walifika mbele ya nyumba yangu, penye mtaro, gurudumu likazama. Walijaribu kulinyanyua, likagoma. Hizza alivua shati akalitia chini ya gurudumu, bado likagoma.

Kisha nikasikia mlangoni kwangu sauti ya mtu anayebisha kwa nguvu zake zote, kama walivyobisha wazee.

"Hodi, fundi!"

"Karibu!" niliitika mara moja. Niliruka kutoka kwenye kiti, nikafika mlangoni, nikashika komeo.

"Tusaidie mkono mmoja tu, baba, tuvuke huu mtaro."

"Karibu, Bi Sikudhani," nilisema. "Karibu sana. Karibu."

Gari la Kilembwe lilikuwa bado kwenye kona. Angeweza kuwa anakunywa chai tu. Angeweza pia kuwa ananisubiri nitoke. Nilisimama na mkono kwenye komeo. Chini ya mlango niliona vidole vya miguu ya Bi Sikudhani, vina majivu. Nilisema karibu tena. Naomba ieleweke kwamba niliitikia kila mara, na sheria haisemi popote kwamba ukishaitikia lazima ufungue.

Alingoja muda ambao mgeni hungoja.

"Ahsante," alisema, kama asemavyo mtu aliyekaribishwa, akaondoka.

Nilirudi dirishani. Hizza alikuwa amemtoa baba yake kwenye mkokoteni, amembeba kifuani kama mtoto, anavuka mtaro na maji yamemfika magotini, anamwongelesha. Bi Sikudhani aliusukuma mkokoteni mtupu mpaka ukavuka. Wakamlaza tena, wakaenda.

Jioni nilifungua mlango kidogo. Kizingitini palikuwa na sahani ya wali na maharage, imefunikwa kawa. Kila mlango wa Bomba Bovu ulikuwa na yake, maana msiba ulikuwa umepikiwa. Nilikula. Chumvi ilikuwa sawasawa.

Wale wawili hawajarudi mtaani tangu jioni ile. Nasikia wanakaa ng'ambo ya mto, karibu na makaburi, na Hizza anatengeneza friji. Sahani bado ninayo hapa dirishani. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, hiyo ni desturi ambayo bunge halijaigusa, na mimi sijui niweke nini.